Mchi Uliokataa Kuanguka

Hakuna jambo la mbinguni nisilolijua. Au niseme, nayajua yale yaliyopenya ukuta wa jiko la shule niliyoipikia miaka ishirini, maana darasani kwenyewe niliishia la tano.

Jua lilipopatwa mwaka ule, mdogo wangu Anasuyamma alisimamisha mchi kwenye sinia ya maji ukumbini, kama tufanyavyo huku Guntur. Mchi ukisimama, jua bado limeshikwa. Ukianguka, limeachiwa, watu wanaoga na kula. Mke wa mwanawe, Padmaja, mjamzito wa miezi minane, alifungiwa chumbani asiguswe na mwanga wala asile, mtoto asije akadhurika. Sukari inamsumbua yule binti. Alfajiri alikuwa amejidunga sindano yake ya kushusha sukari, na daktari alishaonya kwamba akijidunga asipokula atazimia, yeye na mtoto hatarini.

Saa nane mchana alikuwa akitetemeka, jasho linamtiririka, na nikimuuliza kitu ananijibu mambo ya juzi. Mchi umesimama wima kama askari wa lindo.

Nikamwonyesha mdogo wangu sakafu. Tundu la kigae cha paa hutupa chini sura ya jua lenyewe: saa sita palikuwa na kipande chembamba kama ukucha, sasa lilikuwa duara kamili. Nikamweleza kwamba mwezi ni mdogo kuliko jua mara mia nne, ila uko karibu nasi mara mia nne, ndiyo maana unaweza kulifunika, na ulishapita zake. Na mchi je? Dunia huvuta kila kitu kuelekea katikati yake. Uzito wa mchi ukishukia ndani ya kitako chake bapa, utasimama hata siku ya harusi.

"Dada, wewe shuleni ulikuwa unapika dengu," akanijibu. "Simpotezi mjukuu wangu kwa elimu ya ukutani. Mchi haujaanguka."

"Basi utampoteza pamoja na mama yake."

Ufunguo wa kabati la chakula hakuutoa. Chumbani Padmaja aliacha kutetemeka, na hilo likanitisha zaidi. Macho yalikuwa wazi, hayatazami kitu.

Anasuyamma alipoingia kumwangalia, nilirudi ukumbini nikaipiga sinia kwa kisigino. Mchi ukaanguka kwa kishindo.

"Umeanguka wenyewe," nikasema. "Jua limeachiwa."

Kuoga hakukukumbukwa. Mdogo wangu alikimbilia kabati, akarudi na sukari guru, akampaka binti ndani ya shavu, kidogo kidogo. Ilipita robo saa ndefu kuliko mwaka. Kisha Padmaja akapepesa macho, akameza, akaomba wali na mtindi.

Alipomaliza bakuli la pili, Anasuyamma alirudi ukumbini. Akauokota mchi, akausimamisha kwenye sinia, akauachia polepole.

Ukasimama.

Akautazama mchi, akalitazama lile duara sakafuni, akanitazama mimi.

"Dada," akasema, "hebu niambie tena. Ule mchi uliangukaje?"