Begi la Mtu Mmoja

Fundi wa maturubai aliniuliza begi litabebwa na watu wangapi, nami nikakosa jibu.

Lilikuwa swali jepesi. Alikuwa amekwisha kuniuliza mengine magumu zaidi, nikayajibu bila kupepesa macho: vifaa vina uzito gani, vinalowa mara ngapi kwa wiki, begi litalala juu ya saruji au juu ya udongo, mle ndani kuna chochote chenye makali. Majibu aliyaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, pana kama kitanda cha watu wanne. Nyuma yake kulikuwa na cherehani yenye sindano nene kama msumari mdogo, na chumba kizima kilinuka nta na mpira. Kisha aliinua kichwa.

"Dada, nimekuuliza watu wangapi."

"Nimesikia, fundi."

"Basi?"

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kazi yangu ni kupanda miti. Watu wakisikia hivyo hudhani naotesha miche, nami huwaambia hapana, ile nyingine, ya kwenda juu. Napogoa matawi yanayolalia mapaa, nakata vilele vinavyogusa nyaya za umeme, na mti uliokufa katikati ya nyumba za watu nauteremsha kipande kwa kipande. Kwa miaka kumi na mmoja mimi nilikuwa juu, na kaka yangu alikuwa chini.

Tulizaliwa wawili tu. Yeye alinitangulia kwa miaka sita na kunizidi urefu kwa kichwa kizima. Ndiye aliyeshika kamba, aliyewafukuza wapita njia, aliyenipandishia msumeno na kunipigia kelele nikisahau kunywa maji. Kila asubuhi, kabla sijavaa mkanda wa kupandia, aliipitisha kamba yote mikononi mwake, kiganja baada ya kiganja, macho ameyafumba. Ilikuwa ikichukua robo saa. Mimi nilikuwa nikipiga miayo na kumwambia jua halitungoji.

Vifaa vyote vilikaa katika begi moja kubwa lenye mishikio miwili, mmoja kila mwisho. Yeye alishika huku, mimi kule, tukatembea nalo katikati yetu kama watu waliombeba mgonjwa. Kwa jinsi alivyonizidi urefu, uzito wote ulipaswa kuniinamia mimi. Haukuniinamia hata siku moja. Ilinichukua muda mrefu, na yeye alikuwa amekwisha kuondoka, kuelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akitembea amekunja kiwiko ili begi likae sawa.

Aliniambia anaondoka siku ya Jumapili, tukiosha vyombo. Wifi yangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Na miti?" niliuliza.

"Shingo imechoka, mdogo wangu. Miaka kumi na mmoja naangalia juu. Daktari ananiambia nilale bila mto." Alicheka, akanisubiri nicheke. Sikucheka. "Kuna bwana mmoja namfahamu, ni makini. Nitamwambia aje akushikie kamba."

"Sihitaji mtu."

"Usiwe hivyo."

"Nimesema sihitaji, kaka. Pangusa hiyo sufuria."

Siku aliyosafiri nilijipa kazi ya mvinje mmoja ambao ungeweza kungoja hata mwezi mzima. Nilikuwa kileleni saa ile basi lake lilipoondoka. Niliona vumbi la barabara kuu kwa mbali, lakini barabara ile hupita mabasi mengi, siwezi kusema lilikuwa lake.

Baada ya hapo nyumba ilibaki na chumba kimoja cha kulala na kingine cha kuwekea begi. Mlango wa chumba hicho, kilichokuwa cha kaka, haukufungika vizuri. Upepo ukivuma, ubao uligonga fremu mara mbili tatu, kama mtu anayebisha hodi. Mara kadhaa nilijikuta nimekwisha kuitikia, "Pita." Kisha nikabaki na kijiko mkononi, nimejionea haya mbele ya kuta.

Kazini nilijipiga kifua kwamba naweza. Matawi yaliyoanguka nilimlipa mwenye mkokoteni aje kuyazoa jioni, lakini kupanda na kushuka nilifanya peke yangu. Shida ilikuwa begi. Uzito wake ulikuwa wa watu wawili na umbo lake la watu wawili. Nikiliweka begani linanipindua. Nikilikumbatia sioni njia. Kwa hiyo nililishika mshikio mmoja, mwisho wa pili nikauacha chini, nikaliburuza. Niliburuza juu ya kokoto, juu ya lami, juu ya ngazi za watu. Miezi minne. Kitako chake kikawa chembamba kama kitambaa cha kuchujia chai, nami nikakiziba kwa kiraka, nikaziba kiraka kwa kiraka.

Wiki moja kabla ya mkasa nilikodi gari dogo la mizigo linibebee begi. Nyuma kulikuwa na betri kuukuu iliyolala ubavu. Sikuitazama mara mbili.

Mti ulikuwa mkaratusi, nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Mlinzi alikuwa langoni, mbali, na redio yake. Nilifika asubuhi, nikatoa kamba begini, nikairusha juu ya panda la mti, nikapanda. Sikuipitisha mikononi. Ningependa kusema niliipitisha haraka haraka, lakini huo ungekuwa uongo. Sikuipitisha kabisa.

Nilifika kwenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Nikazungusha kamba fupi kwenye shina, ile inayomshikilia mtu wakati wa kukata, nikaifunga kiunoni, nikaegemea nyuma kuitegemea kamba kuu. Kamba kuu haikulia wala haikushtua. Ililegea tu, kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi, kisha nikaiona ikipita mbele ya uso wangu kwenda chini.

Kamba fupi ilinishika. Nililivaa shina kwa mikono na mapaja, shavu langu likabanwa kwenye gome, na kwa muda sikufanya lolote ila kunusa utomvu. Kisha nikaita. Nilimwita mlinzi. Nilimwita tena. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Na mara ya tatu, sijui kwa nini, sikumwita mlinzi. Nilimwita kaka, kwa sauti yote, kama nilivyokuwa nikimwita tukiwa wadogo nikikuta mjusi bafuni.

Hakuna aliyejibu, na nani angejibu?

Nilishuka mwenyewe. Nilitelemsha kamba fupi upana wa kiganja, nikakumbatia, nikateleza upana wa kiganja, nikapumzika. Jua lilihama kutoka bega moja hadi lingine. Nilipokanyaga chini, ngozi ya ndani ya mikono ilikuwa imebaki mtini. Nilikaa pale, nikaivuta kamba nione ilipokatikia. Haikuwa imekatwa na kitu. Ilikuwa imeoza. Maji ya betri yalikuwa yamepenya kwenye kitako cha begi yakailowesha, na nyuzi zake zilikuwa na rangi ya chai, zikipukutika kidoleni kama unga. Mtu yeyote aliyefumba macho angezijua kwa kiganja.

Mlinzi alikuja akitembea taratibu, redio kwapani.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Kwa wiki nzima sikwenda popote. Kisha nilinunua kamba mpya na nikaanza kutafuta begi. Nilizunguka maduka manne. Waliniuzia maneno. Muuzaji mmoja alinionyesha begi la wanamichezo lenye rangi ya chungwa, akalipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani, akasema, "Hili utazeeka nalo, dada." Nilivuta zipu mara tatu; ya nne ikaniachia meno mkononi. "Nimekwisha kuzeeka," nilimwambia. Jingine lilikuwa gumu kama sanduku, lakini mshono wa mshikio ulikuwa mmoja tu, wa uzi wa nguo. Jingine halikuwa na pa kutolea maji, kamba ingechachia humo. Mwishowe mtu mmoja akanielekeza kwa fundi anayeshona maturubai ya malori.

Yeye hakunionyesha begi lolote. Alisema, "Nione la zamani." Akaligeuza juu ya meza, akapitisha kidole kwenye kitako.

"Hili halikuchoshwa na mzigo," alisema. "Limeburuzwa. Tena upande mmoja tu. Upande huu mwingine ni mzima kabisa, ona, kama jana." Akanitazama. "Mwenzako alikwenda wapi?"

"Alihama."

Hakuniuliza zaidi. Akaleta turubai zito la lori, akalikunja mbele yangu nione kwamba halipasuki kwenye kunjo. Tukakubaliana kitako kiwe cha tabaka mbili na mpira wa tairi katikati. Mdomo uwe wa kukunja na kufunga kwa mikanda, usiwe na zipu. Vipete vya shaba chini, maji yatoke. Kila mshono upite mara tatu, kwa uzi uliopakwa nta. Ndipo akauliza litabebwa na watu wangapi.

"Nijue sasa," alisema nilipoinuka kutoka kwenye kamba ya kiatu. "Wakiwa wawili, naweka mishikio huku na huku. Akiwa mmoja, naweka mikanda ya mgongoni. Siwezi kuweka vyote. Uzito hautajua uende wapi, litachanika katikati."

"Nipe dakika tano, fundi."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na rundo la vipande vya turubai. Nilikuwa sijampigia kaka tangu aondoke. Yeye alikuwa akinipigia kila Jumapili, nami nilikuwa nikiitazama simu mpaka inyamaze.

Alipokea kabla haijalia mara mbili. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nanunua begi. Nilitaka kukuuliza kuhusu begi."

"Begi." Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kelele zikapungua. "La zamani lina nini?"

"Limechakaa."

"Lile? Lile lilikuwa na miaka mingine kumi. Limechakaa wapi?"

"Kitako."

Kaka yangu ni mtu wa kuunganisha mambo polepole, lakini huyaunganisha yote.

"Unaliburuza," alisema. Kisha, "Kamba ilikuwa ndani?"

Nilitaka kumpiga chenga. Nilikuwa hata na mzaha tayari mdomoni. Badala yake nikamweleza: betri, mkaratusi, panda, kushuka. Sikumwambia nilimwita nani.

"Kaka?"

"Umeumia?"

"Mikono tu. Imepona."

Nilimsikia akivuta pumzi, na najua nilichokuwa nakingoja pale, na simu imenibana sikio hadi linauma. Nilingoja aseme anarudi. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia jibu: ningekataa mara moja, kwa heshima, kisha ningekubali.

"Fundi anauliza litabebwa na watu wangapi," nikasema.

Nyuma yake, kwa mbali, wifi alikuwa akimwita kwa chakula.

"Aweke mikanda ya mgongoni," alisema. "Mipana, mdogo wangu. Iwe na sponji mabegani. Na mafuta ya msumeno yasikae pamoja na kamba. Aishonee kamba mfuko wake peke yake." Sauti yake ikapungua. "Na usipande tena bila mtu chini. Yeyote. Hata kama hajui kitu."

"Sawa, kaka."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

Niliosha uso kwenye bomba la uani, nikarudi ndani.

"Mmoja," nikamwambia fundi.

Aliandika kwa chaki, hakuinua kichwa.

Begi lilikuwa tayari baada ya siku tatu. Alinisaidia kulivaa, akarekebisha mikanda, akaniambia nitembee hadi mlangoni na kurudi. Nilitembea. Lilinikaa mgongoni kama nililozaliwa nalo, mikono yangu yote miwili ikabaki mitupu, inaning'inia. Lilikaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikujua mikono hiyo niiweke wapi.

Kaka hakurudi kwenye kazi. Huja kututembelea mimi na mlango wake mara moja kwa mwaka, tunakula, tunataniana, na siku hizi Jumapili napokea simu. Lakini ni mtu wa mji mwingine sasa, na mimi nimelikubali hilo, mwanzoni shingo upande, kisha basi tu.

Kazi ya kwanza baada ya begi jipya ilikuwa kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sabini na kitu aishiye peke yake. Mti wake ulikuwa umeanza kuinua vigae vya paa. Niliipitisha kamba yote mikononi, macho nimeyafumba, robo saa nzima. Kisha nikamgongea mlango na kumwomba atoke nje, akae.

"Nifanye nini?" aliuliza. "Mimi miti siijui."

"Usifanye kitu, mwalimu. Kaa pale, mbali na matawi, mpaka nishuke."

Akanitazama juu ya miwani, kama anayetafuta kosa katika hesabu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti na gazeti, akakaa mahali nilipomwonyesha.

Nikapanda. Majani yalinifunika, na ua wake ukapotea chini yangu, kiti, gazeti na yeye mwenyewe. Nilikuwa naifunga kamba fupi aliposema, kwa ile sauti ya kuita majina darasani:

"Upo?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye shina.

"Nipo, mwalimu."

Nikasikia ukurasa ukigeuzwa, nikawasha msumeno.