Aliyevaa Kofia ya Marehemu

Katika vichekesho vyote vya runinga vya "Kwa Mzee Silasi", kipindi cha msiba ndicho kilichopendwa kuliko vingine. Mpaka leo watu wa Tabora wanamkumbuka mwanamke aliyeingia na kishindo, akavaa kofia ya marehemu, akajilaza kando ya maiti na kudai apikiwe wali. Wanalikumbuka zaidi lile shuka jeupe. Lilitikisika, kwa sababu maiti alikuwa anacheka.

Mwanamke huyo, Flavia, hakuwa mwigizaji. Alikuwa akiwafulia watu nguo huko Kitete, na asubuhi ile alikuwa anapita na beseni kichwani aliposikia vilio. Akaona majamvi uani na moto wa kuni. Akauliza marehemu ni mtu wa wapi. Mwombolezaji mmoja, akidhani huyu naye kaletwa kuigiza, akamjibu: Mnyamwezi wa Goweko.

Basi. Flavia ni Mgogo, na Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakikatiza Ugogo. Mtani hapiti msibani kimya kimya. Alitua beseni akafanya kazi yake. Kamera aliiona, akadhani wafiwa wanatunza kumbukumbu.

Ghalibu, mwongozaji, aliacha kamera iendelee. Ila mwisho wa kipindi, kwenye orodha ya majina, aliandika "Mlevi". Kwa miaka kumi na minane Flavia, mzee wa kanisa asiyejua hata ladha ya pombe, aliitwa Mama Mlevi sokoni. Mwaka huu wajukuu zake nao wakaanza kutaniwa hivyo shuleni.

Kwa hiyo redio moja ya mjini ilipowaalika wote wawili kusimulia yaliyotokea nyuma ya kamera, alikwenda akitaka jambo moja tu: lile neno lifutwe, jina lake liandikwe.

Ghalibu alisimulia kwa raha. Mathias, aliyeigiza maiti, alikuwa hajanywa hata chai, na wali ulipodaiwa kicheko kikamshinda. Kofia ilikuwa ya marehemu baba yake Ghalibu, ya kushonwa kwa mkono, na haikuonekana tena. Na yule mama, akasema, alikuwa chakari.

"Nilikuwa mtani," Flavia akamkatiza. "Sikuwa mlevi."

Ghalibu akacheka kidogo. Alisema vipindi vyote vinapandishwa mtandaoni mwezi huu, na jina linaweza kubadilishwa hata leo, ila kwanza Flavia awaombe radhi wasikilizaji kwa kuvamia kazi ya watu.

"Neno moja tu, dada yangu, tuyamalize."

Ruaa, mtangazaji, akamsogezea Flavia kipaza sauti. Flavia akafungua mkoba wake, akatoa kofia iliyofifia rangi, akaivaa.

"Mlilia, nikaitika. Andika Flavia, mtani wa marehemu. Usipoandika, Tabora nzima imeshanisikia. Radhi siombi, kaka Ghalibu. Na kofia sirudishi."