Goti Lisilo na Ufa

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, maabara, na goti la ng'ombe lililokuwa mezani likanisalimia.

Kazi yangu ni kuyaangushia uzito magoti yanayotoka buchani, kisha kubonyeza kwa ncha ya mashine gegedu, lile tabaka jeupe telezi linalofunika ncha za mifupa, nione kama limelegea. Gegedu zima ukilibonyeza hurudi lilivyokuwa. Lililoumia hubaki na kishimo, hata kama halina ufa.

"Mdogo wako hajambo?" goti likauliza.

Nikajibu Tumsifu hajambo. Ni golikipa, na juzi aligonga goti kwenye nguzo ya goli. Picha ya hospitali haikuonyesha ufa, nami nikamwambia acheze fainali.

"Ulimbonyeza?"

Nikasema yeye si ng'ombe. Hapo maabara ikawa uwanja wa mpira.

Uwanja mzima ni gegedu. Natembea, nyayo zangu zinabaki mashimo, maji ya chumvi yanajaa humo. Golini yuko Tumsifu, anawapanga mabeki. Juu yake unaning'inia ule uzito wetu wa chuma, umevaa filimbi.

Uzito unanikumbusha utaratibu, ule ule niliobandika ukutani kwa mkono wangu: hauanguki mpaka mpimaji ataje kipimo cha kwanza, kile cha kubonyeza.

"Taja, bwana mpimaji. Watu wanasubiri."

"Hakuna ufa," nasema.

"Sijauliza ufa."

Nataka kumkimbilia, miguu inazama. Tumsifu ananitazama bila wasiwasi wowote, maana kaka yake ndiye mtaalamu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko ule uzito. Filimbi inalia, kamba inaachia hata kabla sijataja kipimo.

Nikaamka. Kulishakucha, na Tumsifu alikuwa sebuleni anafunga kamba za viatu vya mpira.

"Kaka, usiku nimeota unanibonyeza goti," akasema, akacheka.

Nikapiga magoti mbele yake, nikampandishia mguu wa suruali. Kwenye goti palikuwa na kishimo cha duara, kidogo kama punje ya mtama, sawasawa na ncha ya mashine yetu. Nikasubiri kijae. Tulisubiri wote wawili, yeye ameshaacha kucheka, na hakikujaa.

Nikaanza kumfungua viatu.