Lipu ya Upande Mmoja

Safu ile ya vyumba ilisimama juu ya msingi mmoja, na kati ya msingi na tofali hapakuwa na kitu. Palipaswa kuwa na nailoni nzito, ile inayotandikwa ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Nayo ililetwa. Baba yake Sindano, enzi hizo kibarua mwenye shingo ya fahali, aliishusha begani asubuhi, na jioni akaamriwa aipandishe tena kwenye lori. Ikaenda kutandikwa chini ya nyumba ya tajiri mwenye vyumba. Tangu siku hiyo tajiri analala pakavu, na waliobeba mzigo wanakohoa.

Maana tofali ni kama utambi: ukiliweka kwenye maji, litakunywa hata usipolikaribisha. Kuta zile zilikunywa hadi usawa wa goti. Rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, ikapasuka, ikaacha chumvi nyeupe iliyokuwa ikidondoka sakafuni kama unga. Kila mwaka, mvua zikikaribia, tajiri alileta watu wa kupaka chokaa. Chokaa ile ilidumu kama ahadi ya mchumba mlevi.

Sindano alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakulipata kwa kushona. Alilipata kwa ulimi. Aliishi na Baba, na mdogo wake wa kiume alikaa chumba kinachopakana nao upande wa kulia. Kushoto, chumba cha mwisho kabisa cha safu, alikaa Mama Pacha, mfua nguo za watu. Kitanda cha Baba kilienea mahali pamoja tu, kando ya ukuta wa kulia, kwa kuwa dirishani pana cherehani na upande wa pili pana mlango na jiko. Daktari wa kliniki alikuwa amesema mapafu ya mzee hayatamaliza msimu mwingine wa mvua kwenye unyevu, mtoeni. Wamtoe wampeleke wapi, hakusema.

Wapangaji walikwenda mara nyingi kulalamika kwa msimamizi wa tajiri, bwana mmoja aliyeitwa Tabasamu kwa sababu hata akikufukuza anakuonyesha meno. Tabasamu aliwaambia ukuta hauna kosa. Kosa ni lao: wanapika ndani, wanaanika ndani, tena wanapumua sana.

"Basi tupangie zamu, bwana," Sindano alimjibu. "Vyumba vya kulia tupumue asubuhi, vya kushoto jioni."

Safu nzima ilicheka wiki nzima. Lakini mcheko haukaushi ukuta.

Ndipo ikasikika kwamba bwana afya anakuja kukagua majengo, na akiona unyevu, tajiri atalazimika kuchimbua chini ya kuta zote, kung'oa tofali kipande kwa kipande na kutandika ile nailoni aliyoiiba. Mdogo wake Sindano, ambaye walimwita Kipaza kwa sauti yake, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa pale bombani akawahutubia. Alisema safari hii hakuna kupaka, hakuna kuziba, bwana afya auone ukuta uchi kama ulivyozaliwa. "Msingi ni mmoja," akasema, "na mdomo wetu uwe mmoja." Wakaapa. Wapaka chokaa walipofika walikuta milango imefungwa, wakarudi na ndoo zao zimejaa. Siku hiyo Baba alikaa kitandani akatabasamu, akasema laiti yeye na wenzake wangekuwa na mdomo mmoja siku ile ya lori.

Haukupita muda, Sindano akageuza mto wa Baba, akaukuta umelowa. Alidhani ni jasho. Akavuta kitanda. Alama ya maji, iliyokaa gotini miaka yote, ilikuwa imepanda hadi kifuani, nyeusi, na mvua haijanyesha hata tone. Alitafuta bomba lililopasuka, asilione. Akaenda kubisha kwa mdogo wake.

Kipaza alikuwa kazini. Mkewe, wifi yake Sindano, alifungua, akasimama mlangoni kama komeo. Sindano akampita. Kabati, ambalo siku zote lilikaa dirishani, sasa lilikuwa limeegemezwa kwenye ule ukuta wao wa pamoja. Akapitisha mkono nyuma yake. Vidole vilitarajia chumvi, vikakuta lipu mpya, laini, kavu kama sahani. Ilikuwa saruji ya dawa, isiyopitisha maji.

"Walikuja lini?"

Wifi aliangalia sakafu. "Siku ulipomrudisha Baba kliniki, baada ya kiapo."

Sindano akatoka. Maji hayafi. Ukiyafungia mlango huku, yanakwenda kubisha kwa jirani, na jirani mwenyewe ni baba aliyekuzaa.

Alasiri ile Kipaza aliita watu bombani, Tabasamu kasimama ubavuni mwake kama shahidi wa ndoa. Akatangaza ushindi. Tajiri amesikia kilio chao, amekubali kumpigia kila mtu lipu ya dawa, chumba kwa chumba, kabla ya bwana afya kufika. Watu walipiga makofi. Sindano akasimama, akasubiri makofi yaishe yenyewe.

"Mdogo wangu ameshapigiwa lipu yake," alisema. "Nendeni mkaguse nyuma ya kabati. Maji aliyoyafukuza yako kwenye mto wa Baba."

Kipaza alisema mtoto wake naye ana kifua.

"Na Baba ana nini, gunia?"

Hapo akawaeleza, polepole, kama anayemfundisha mtu kukata kitambaa asikiharibu. Lipu haiondoi maji, inayahamisha. Atakayeziba upande wake leo, kesho jirani yake atalowa. Dawa ni moja tu, ni ile ya chini, na ya chini haipigwi chumba kwa chumba. Ni wote au hakuna.

Uwanja ulinyamaza. Sindano, masikini, alidhani ni aibu. Haikuwa aibu. Kila mtu alikuwa akimtazama jirani wa kulia, kisha wa kushoto, akipima. Halafu seremala wa chumba cha kwanza, mtu mpole asiyewahi kugombana na mtu, akavua kofia mbele ya Tabasamu.

"Samahani, bwana. Mnaanzia chumba kipi?"

Wakamzonga yule msimamizi kama kuku kwenye mtama. Maneno ya Sindano yaliwaingia vizuri mno. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Mtu mmoja tu alibaki amekaa kwenye karai lake la kufulia. "Mimi sifungui, jirani," Mama Pacha alimwambia Sindano. "Tuliapa."

Asubuhi fundi wa lipu alibisha kwa Sindano kabla ya wengine wote. Kipaza alikuwa amempangia nafasi hiyo. Labda kwa huruma, labda kwa kuziba mdomo. Sindano alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alimwambia arudi alikotoka. Alikuwa na maneno mengine, makali, yamejipanga.

"Mwanangu," Baba akaita kutoka kitandani. Akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. "Mwache aingie."

Akamtazama baba yake. Yeye ndiye aliyewafundisha, wangali wadogo, kwamba mzigo ukibebwa na mmoja ni adhabu. Mzee akageuza uso.

Sindano akashusha mkono.

Fundi alipiga lipu ukuta wa kulia, kisha wa kushoto. Alikuwa fundi mzuri. Na safu nzima ikazibwa hivyo, siku mbili tatu, kila mtu akimsukumia mwenzake, mpaka maji yote yakabaki na njia moja tu, mwisho wa safu. Sindano alikuwa kwenye cherehani aliposikia, upande wa pili wa ukuta mpya, kwa Mama Pacha, kitanda kikivutwa. Kesho yake Mama Pacha alikwenda mwenyewe kuomba lipu. Akaambiwa saruji ya dawa imekwisha.

Bwana afya alikuja siku ya jua kali. Aligonga kuta kwa vidole, zikaita vizuri. Akasifu. Kila mlango ulijibu hakuna shida, bwana, tunashukuru. Kwa Mama Pacha alisimama. Ukuta ulikuwa mweusi hadi usawa wa dirisha, na nguo za watoto zilizotundikwa msumarini zimeota ukungu.

Akauliza kwa nini chumba hiki peke yake.

"Ana mapacha, bwana," Tabasamu akasema, meno nje. "Wanapumua sana."

Mtu mmoja alicheka. Kisha wote, Kipaza miongoni mwao, wakageuka kumtazama Sindano mlangoni pake, wakimngoja. Mama Pacha pia aligeuka. Nyuma ya Sindano, Baba alikuwa amelala kifudifudi karibu na ukuta mkavu, anavuta pumzi ndefu isiyokwama.

Sindano aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu ili isisikike sauti yoyote ya nje. Alishona pindo zima la sketi kabla ya kuona kwamba hakuwa ametia uzi.