Mabawa ya Hondohondo

Jafari alikuwa fundi redio pale Lushoto, kwenye kibanda kilichopakana na soko, na kwa miaka kumi na tano kazi yake ilikuwa kuondoa kelele. Redio ikikoroma, analetewa. Tangu bidhaa za nje ziruhusiwe kumiminika nchini, kazi ilizidi, maana kila nyumba ilitaka redio kaseti, na redio kaseti hizo zilikuwa hazikawii kuharibika.

Mwaka 2002 alinunua kompyuta iliyotumika kutoka Tanga, na ndani yake akakuta programu ya kuunda sauti. Ulichukua wimbi tupu, au mchakacho kama wa redio iliyopoteza kituo, ukauchuja, ukaupa mwanzo na mwisho, ukauvuta huku na huku mpaka ukawa filimbi, au ngoma, au kitu kisicho na jina. Jafari alinogewa. Alifunga spika mbili, kisha nne, mbili mbele ya kiti na mbili nyuma, akagundua kwamba sauti anaweza kuitembeza, ikamzunguka mtu kama nyuki.

Habari zikamfikia Salma, afisa misitu. Alikuwa na mkutano kwenye kijiji kimoja nje ya Mtae, ambako msitu ulikatwa wote miaka mingi nyuma.

"Nawahimiza wapande miti ya asili, wananiitikia kwa adabu tu," alisema. "Wengi wao hawajui kilichokuwepo, na waliokiona hawakitaji tena. Fundi, unaweza kunitengenezea sauti ya msitu ule?"

"Kaseti yake ipo?"

"Hakuna aliyerekodi. Ila yupo bibi mmoja anayeukumbuka."

Bibi huyo, Shamsa, alifika kwa basi siku ya soko, amejitanda khanga mbili kwa ajili ya baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huo msitu wenyewe uko wapi?"

Jafari alimkalisha kwenye kigoda katikati ya spika. Walianza na maji. Akachuja mchakacho mpaka ukalainika, na bibi akasema kijito kilikuwa mkono wa kushoto, tena chini. Jafari akakisogeza. Bibi akatikisa kichwa: hicho ni kijito cha masika, yeye anataka cha kiangazi, kinachopita kwenye mawe. Ikawachukua saa nzima. Bibi hakuchoka, wala hakumsifia.

Kisha wakaingia kwenye upepo. Jafari alitaka majani yavume polepole, kwa hiyo akaweka wimbi la mwendo wa taratibu la kufungua na kufunga chujio, na wimbi hilo hilo akalipa kazi ya kuhamisha sauti kutoka mbele kwenda nyuma. Mkono ukateleza kwenye mausi ya kompyuta. Wimbi likaenda kasi. Upepo ukakatika vipande vipande, huuf, huuf, huuf, ukatoka spika ya mbele kushoto na kupita juu ya kigoda ukielekea nyuma.

Bibi Shamsa aliinama, khanga kichwani, kama mtu aliyepitiwa na kitu utosini. Halafu akainua uso kutazama bati.

"Hondohondo," alisema.

Jafari alikuwa ameshanyoosha mkono ili afute lile kosa. Akauacha hewani.

"Umewasikia wapi?" bibi akauliza.

"Sijawahi kuwasikia, bibi. Ndege hao hata kuwaona sijawaona."

"Basi nani kakwambia mabawa yao yanalia hivyo?"

Jafari akageukia kompyuta. Kwenye kioo chake kulikuwa na mistari miwili tu ya kijani, mmoja wa mchakacho na mwingine wa wimbi. Na kutoka humo ametoka ndege ambaye yeye hamjui, na mama wa watu aliyekaa mbele yake amemtambua kwa jina.

"Rudia," bibi akasema. Akarudia. "Huyo mwepesi, atakuwa njiwa. Mzito zaidi. Ee. Sasa mpe mwenzake, wanaruka wawili wawili, wa pili nyuma kidogo. Na hawatokei huko, mwanangu. Wanatokea bondeni." Na Jafari, ambaye mpaka asubuhi ile aliamini ndiye mtengenezaji, akawa anafuata kidole cha bibi kama anayeonyeshwa njia.

Juma lililofuata walipanda mpaka kile kijiji cha nje ya Mtae kwa gari la Salma, spika zimefungwa kwa magodoro. Jenereta waliiweka mbali, nyuma ya shule, isije ikaharibu kazi. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Jafari akabonyeza.

Kijito kilianza kushoto. Mzee mmoja aliyekaa upande ule akavuta miguu yake. Wengine wakacheka, lakini kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu majani yalikuwa yameanza kuvuma pande zote na watu wakawa wanageuka taratibu, wasijue watazame wapi. Ndipo mabawa yakaja kutoka bondeni. Spika zote zilikuwa chini, juu ya madawati, na Jafari mwenyewe ndiye aliyezipanga. Lakini darasa zima, na yeye ndani yake, waliinua vichwa kutazama darini. Mama mmoja alimfunika mwanawe usoni kwa kiganja.

Sauti zikaisha. Kisha mwanamke aliyekaa nyuma, jina lake Mwanaheri, akasema kwa ukali kidogo, "Vyura je? Mbona vyura hawamo?"

"Na mbega," akadakia mwingine. "Mbega walikuwa wanaanza kulia kabla ya ndege."

"Kule kwa marehemu baba kulikuwa na mzinga wa nyuki."

Wakaanza kubishana kwa Kishambaa, sauti juu, hata vijana wakiuliza na kujibiwa. Salma alikuwa amesahau hotuba yake mfukoni. Jafari akafungua daftari, akaomba waseme mmoja mmoja, na adhana ya alasiri ikamkuta yuko ukurasa wa tatu, akiuliza wale vyura walikuwa upande gani.