Mgongo wa Winchi

Pale buchani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wateja, wapishi wa hotelini, hata dereva wa gari la machinjioni, wote walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Robo ya ng'ombe ambayo wanaume wawili huibeba huku wakiilaani njia nzima, yeye aliitia begani peke yake, akaitundika kwenye ndoano, na papo hapo akamgeukia mteja kumuuliza kama anataka ya mfupa au steki.

Mwili ule haukuja kwa bahati. Kwa miaka sita, kila alasiri akishaosha gogo la kukatia nyama na visu, alikwenda jimu kutunisha misuli, na kila mwaka alipanda jukwaani kwenye shindano la wanawake. Alianza na nafasi ya saba. Akapanda, akapanda, mpaka mwaka uliopita akawa wa pili, pointi moja tu nyuma ya bingwa. Sasa wa saba hurudi nyumbani akalala. Wa pili halali.

"Mgongo unao, mapaja unayo," kocha wake alimwambia siku moja wakiwa wamebaki wawili mbele ya vioo. "Unachokosa ni kujaa. Wenzako wanachoma insulini."

"Insulini? Hii hii ya baba yangu?"

Baba yake, mwenye bucha, alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na saba sasa. Alijichoma sindano tumboni kwa utulivu wa mtu anayefunga vifungo vya shati, kisha akarudi kwenye mizani.

"Hiyo hiyo. Kwa baba yako ni dawa, kwako ni mbolea," kocha alisema. "Inakishika chakula mkono, inakiingiza kwenye misuli, inafunga mlango. Na kwenye mashindano yetu hakuna anayepima."

"Hatari je?"

"Hatari ni kusahau kula. Wewe umewahi kusahau kula?"

Winchi alicheka. Moyoni kitu kilimvuta shati kwa nyuma, lakini ile pointi moja ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba. Alichukua chupa aliyopewa na kocha. Jumanne iliyofuata alijichoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akala sahani yake ya wali akaimaliza, na kwa kuwa hakuona mabadiliko yoyote, akanyanyua vyuma kama kawaida. Alipokuwa anatoka, baba yake akapiga simu. Gari la nyama lilikuwa limechelewa, limefika sasa hivi, na hakuna wa kushusha.

Alishusha. Robo ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya tatu ilikuwa nzito kama ng'ombe bado yumo ndani. Alipotoka kwenye chumba cha baridi, mahali ambapo watu hutoka wakisugua viganja, yeye alitoka anachuruzika jasho.

Mama mmoja mteja wa siku zote alikuwa anasubiri steki. Winchi akashika kisu. Kipande cha kwanza kilitoka kinene kama tofali, cha pili chembamba kama karatasi.

"Leo unakata au unachonga vinyago?" yule mama akamtania.

"Kata mwenyewe basi!" Winchi alifoka.

Katika maisha yake yote hakuwahi kumjibu mteja hivyo. Mzee, baba yake, aliinua macho kwenye daftari la oda. Akaona jasho, akaona mikono inayotetemeka, akaona binti yake anavyokitazama kisu kana kwamba amesahau kinafanya kazi gani.

"Weka kisu chini, mwanangu."

"Sina... kitu... baba." Ulimi ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mzee alimfikia, akamtoa kisu mkononi, akamketisha juu ya kreti. Alitoa kipima sukari chake mfukoni, akamtoboa kidole. Namba iliyotokea aliijua. Aliwahi kuiona siku moja tu, nayo ndiyo siku aliyozindukia hospitali.

"Soda!" alipiga kelele. "Yenye sukari! Haraka!"

Yule mama aliyefokewa ndiye aliyekimbia duka la pili na kurudi na chupa mbili. Mzee alimnywesha binti yake taratibu, kiganja kimemshika shingo, kama alivyokuwa akimnywesha uji alipokuwa mtoto.

"Umechoma nini?" aliuliza macho ya Winchi yaliporudi.

"Yako, baba. Si ya kwako, lakini... kama yako."

Mzee aliinuka mara moja. Alitafuta gari.

Hospitalini, sukari ilipanda, watu wakashusha pumzi, kisha ikashuka tena. Wakamwekea dripu na kumlaza mpaka kesho yake. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia, alivuta kiti.

"Soda ilikununulia dakika, haikumaliza kazi," alisema. "Insulini ikishaingia, huiiti ikarudi. Ubongo wako unakula sukari, na insulini haiulizi kama umeubakizia chochote. Na moyo nao unaweza kuvurugika. Ungekuwa peke yako, tusingekuwa tunaongea."

"Lakini wanasema inajaza misuli."

"Mwili wako una insulini yake, unajimiminia wenyewe kila ukila. Ukiongeza ya chupa, itabidi ule kutwa nzima kuikimbiza sukari isianguke. Kitakachojaa kwanza ni mafuta."

Daktari alipotoka, mzee alisogea. "Mimi nachoma nipate kuwaona wajukuu," alisema polepole. "Wewe unachoma upate kikombe?"

Winchi, mwanamke aliyebeba robo ya ng'ombe, alilia mpaka mto ukalowa.

Alipopona hakwenda jimu kujificha. Alikwenda saa ile imejaa watu, akaiweka ile chupa kwenye benchi mbele ya kocha.

"Mbolea yako hii. Juzi shamba lilitaka kunizika."

"Hukula vizuri," kocha alinong'ona. "Punguza sauti."

"Nilikula nikamaliza sahani!" Akawageukia wenzake, akawasimulia yote, jasho, ulimi, kisu, dripu, bila kujipamba. Mwanamume mmoja mwenye kifua kama mlango alisikiliza mpaka mwisho, akafungua begi lake, akatoa chupa kama ile na kuiweka kando ya ya kwanza. Kisha mwingine. Kocha akamwambia Winchi asirudi tena pale, na kwamba jukwaani atakuwa mfupa tu.

"Mfupa nauza," alijibu. "Wateja wanaupenda."

Ilibaki miezi minne. Mzee alihamisha makreti ya uani, wakanunua vyuma vilivyotumika, na yule mwenye kifua kama mlango akaja kumsaidia kuvifunga, naye akabaki kufanya mazoezi. Mzee aliketi juu ya ndoo kuhesabu, na hesabu zake zilikuwa za dhuluma.

"Nane... nane... nane..."

"Baba, nane umeshaisema!"

"Ile ilikuwa mbovu. Nane."

Alikula kwa mpango, akalala mapema, akabeba nyama asubuhi na chuma alasiri. Mwezi wa pili alikata tamaa siku tatu. Siku ya nne mzee aligonga mlango akasema tu, "Ndoo inakungoja." Akaamka.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walipoitwa mstari mmoja, Winchi alisimama kando ya bingwa. Kwa mbele, bingwa alimzidi. Alikuwa amejaa mabega, amejaa kila mahali. Winchi akahisi ule mwiba wa zamani. Kisha mwamuzi akasema, "Geukeni."

Wakageuka, na ukumbi ukaguna. Mgongo wa bingwa ulikuwa mpana lakini laini, kama mto uliotandikwa vizuri. Mgongo wa Winchi ulisomeka. Kila msuli ulijulikana unapoanzia na unapoishia, toka shingoni mpaka kiunoni, mgongo uliojengwa na miaka ya kupandisha mizigo kwenye ndoano. Waamuzi waliwarudisha wageuke mara ya pili, mara ya tatu.

"Hiyo nyama ya sarara!" sauti ya mzee ilipasua ukumbi. "Haina mafuta hata chembe!"

Hata waamuzi walicheka. Na walipotangaza, wa pili alikuwa bingwa wa mwaka uliopita. Winchi hakusikia kilichofuata, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Alipopewa kipaza sauti, alikishika kwa mikono miwili.

"Miezi minne iliyopita nilichoma insulini ili nishinde," alisema, na kelele zikafa. "Nusura nife na kisu mkononi. Anayewaambia ni mbolea, mwambieni aje buchani kwangu nimwoneshe nilipoishiwa nguvu. Hiki kikombe nimekipata bila tone."

Kisha yule mama wa steki, ambaye alikuwa amekata tiketi ya mbele kabisa, akapiga kigelegele, na ukumbi ukalipuka.

Nyuma ya pazia, bingwa wa zamani alimfuata, taji la mwaka uliopita bado kalishika.

"Mimi mara mbili nimezindukia sakafuni," alisema kwa sauti ndogo. "Sijamwambia mtu."

"Na leo umechoma?"

"Leo sijachoma. Jana."

Winchi aliweka kikombe chini, akamshika mkono. "Kesho asubuhi nitakupeleka kwa daktari mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Utamchukia saa moja, halafu utampenda."

Wakatoka pamoja kwa mlango mkubwa, ambako mzee alikuwa akigombana na watu waliotaka kumbeba binti yake juu juu, akiwaambia wamshike vizuri, huyu si mfuko wa viazi, huyu ni bingwa.