Jina la Nesta Kwenye Mfumo

Mwaka 2013 ofisi ya uwakala wa forodha ya Osea, pale Tunduma, ilikuwa na ulinzi wa kutisha. Kulikuwa na geti la chuma, kufuli mbili, na mlinzi mwenye rungu aliyemhoji hata mke wa bosi anamtafuta nani. Ndani kulikuwa na kompyuta moja, na maneno yote ya siri ya kuingilia mfumo wa forodha yalikuwa yamehifadhiwa kwenye brauza yake. Yeyote aliyekalia kile kiti angebonyeza mara moja tu, akaingia. Osea aliuita huo wepesi wa huduma.

Nesta, karani wake, mama wa watoto wawili kutoka Igamba, hakuupenda wepesi huo, maana jina lililokuwa likiingia kwenye mfumo lilikuwa lake. Akamleta Tuntufye, fundi kompyuta wa Vwawa. Fundi akashauri waweke brauza ya kazi peke yake, isiyohifadhi maneno ya siri, inayofungua kurasa za forodha na barua pepe za ofisi na kukataa mengine yote. Osea alimsikiliza kwa heshima, akamnunulia soda, kisha akauliza matokeo ya mpira atayasomea wapi. Tuntufye akamaliza soda, akaaga.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, Nesta alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kupeleka nyaraka za malori ya mbolea. Bosi akabaki kwenye kompyuta. Ukajitokeza ukurasa wa kumpongeza: ameshinda gari jipya, apakue tu programu ndogo ya kuthibitisha. Osea, ambaye hakumwamini dereva hata mwenye leseni mkononi, akapakua bila kusita.

Alhamisi forodha wakampigia. Lori la vitenge la mteja wake lilikuwa limeruhusiwa kuondoka kwa kibali kilichoombwa Jumanne saa tano asubuhi, kwa jina la Nesta. Mwenye mzigo hakuwa na habari, na lori halikujulikana liliko. Osea akawasimulia polisi kwa uchungu jinsi alivyomlea Nesta kama binti yake. Kisha akawaacha wamchukue binti huyo.

Kituoni Nesta aliketi kwenye benchi, akiwaza nani atawapokea watoto wakitoka shule. Askari alimwonyesha karatasi yenye jina lake, akamuuliza kama analikana.

"Jina ni langu," Nesta alisema. "Aliyekalia kiti ni nani? Saa tano nilikuwa Nakonde. Nendeni mkaangalie daftari la getini kule, nimesaini kuingia na kutoka."

Wakaenda, wakaikuta sahihi. Aliingia saa nne, akatoka saa saba, kwa saa za Tanzania. Wakamwita Tuntufye, naye akafungua orodha ya kurasa zilizotembelewa siku ile. Ukurasa wa gari ulikuwepo, saa nne na dakika arobaini. Alieleza kwamba ile programu ilikuwa imebeba maneno yote ya siri na kuyapeleka kwa wezi.

Askari akamgeukia Osea.

"Nilikuwa naangalia tu," alisema bosi.

Lori lilipatikana Mlowo, tupu kabisa. Nesta akaachiwa jioni ile ile. Kesho yake Osea akamwambia mambo yamekwisha, yeye hana kinyongo, arudi kazini. Nesta akamshukuru kwa huo moyo mkubwa, lakini hakuketi. Alitaka kwanza barua ya kumsafisha kwa forodha na kwa mteja, iseme wazi nani alipakua nini, na Tuntufye aje kuweka ile brauza ya kazi siku hiyo hiyo.

Osea aliandika barua mara tatu. Mbili za kwanza ziliulaumu umeme. Ya tatu Nesta aliisoma akiwa amesimama, mstari kwa mstari, akaipeleka mwenyewe forodha, akagongewa muhuri wa kupokelewa. Akiwa njiani kurudi ofisini, katikati ya foleni ya malori, ndipo alipolia kidogo, akajifuta kwa khanga, akaendelea kutembea.